Sala Imekauka: Uanzie Alfajiri, Jumuiya, Mfungo au Wodini?

Usiku mmoja wa Jumanne nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda, rozari mkononi. Nilipofika fumbo la tano nikashtuka: tangu fumbo la pili nilikuwa nahesabu vitenge. Mzigo wangu ulikuwa umekwama Tunduma, na wakati mdomo unasema Salamu Maria, akili ilikuwa inajumlisha doti na bei. Niliinuka bila kumaliza, nikalala.

Sikuwa nimeacha kanisa. Jumapili nilikuwepo, sadaka nilitoa, mchango wa ujenzi nilimaliza mapema. Sala yenyewe ndiyo iliyokuwa imebaki maganda. Na miezi ile ile, mama mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwangu aliugua wiki tatu, nami nikaja kusikia alipokwisha kupona. Sikumpelekea hata kikombe cha uji. Ndipo nilipoelewa kwamba magoti yangu na mikono yangu vilikuwa vimekauka kwa pamoja.

Nilipoanza kuuliza, kila mtu alinipa dawa yake. Mchungaji wa kwetu Rungwe aliniambia niamke alfajiri na Biblia. Mwenyekiti wa jumuiya akasema nisikose Jumamosi. Shoga yangu wa sokoni akanikaribisha kwenye mfungo na mkesha. Sista mmoja akanijibu kwa sentensi moja tu: "Njoo Alhamisi tukatazame wagonjwa." Nilizijaribu zote nne, moja baada ya nyingine, kwa muda wa miaka miwili hivi hapa Mbeya. Ninaandika haya kwa ajili ya aliyesimama pale nilipokuwa nimesimama, anayetaka kuanza upya na hajui ashike ipi.

Nimezaliwa na kulelewa Mmoravian, nimeolewa na Mkatoliki, na siku hizi tunasali pamoja upande wake. Kwa hiyo nitachanganya maneno ya pande zote mbili. Mlutheri, Mwanglikana na Mpentekoste naamini watajiona humu, kwa sababu njia hizi nne zipo katika kila kanisa ninalolijua, ila majina yanatofautiana.

Vipimo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa maswali yale yale. Inadai muda gani na pesa gani? Inatibu ukavu wa aina gani? Maana kuna ukavu wa mawazo kutangatanga, kuna ukavu wa upweke, kuna ukavu wa mazoea, na kuna ukavu wa mtu aliyechoka kusema maneno mazuri asiyoyatenda. Tatu, mikono: njia hii inakufikisha vipi kwenye mlango wa mtu mwenye shida? Nne, inapotea vipi? Tano, inamfaa nani?

Swali la tatu ndilo nililolipa uzito. Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, anamtaja mtu anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu. Anauliza yafaa nini. Sala inayoniacha vile vile kwa jirani yangu bado sijaiita sala iliyofufuka.

Kabla hatujaendelea, ndugu yangu: kuna ukavu ambao hauponywi na njia yoyote kati ya hizi kwanza. Kama hulali wiki nzima, huna hamu ya chakula wala ya watu, au unatamani usingekuwepo, nenda kamwone daktari, na umwambie pia mchungaji au padri wako. Kufanya hivyo si kukosa imani.

Alfajiri, wewe na Neno

Marko 1:35 inasema Yesu aliamka kungali giza akaenda mahali pasipo watu, akasali huko. Baada ya Yeye wengi wameifuata njia hiyo. Katika karne ya 12 mtawa Mkartusi, Guigo wa Pili, aliipanga kama ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali, kisha kutulia tu mbele za Mungu. Unasoma kifungu kifupi polepole, mara mbili au tatu. Neno likikushika, unabaki nalo. Unamjibu Mungu juu ya neno hilo kabla hujafungua orodha yako ya mahitaji. Halafu unanyamaza.

*Muda na gharama.* Nusu saa kabla nyumba haijaamka, na Biblia uliyo nayo. Injili ya Marko ina sura 16. Ukisoma nusu sura kila asubuhi, siku 32 umeimaliza. Gharama halisi ni usingizi. Wiki ya kwanza nilisinzia mezani karibu kila siku, mpaka nilipoanza kuiacha simu sebuleni saa 3 usiku na kulala mapema. Hakuna aliyeniambia kwamba sala ya alfajiri huanza usiku uliotangulia, nakuambia wewe.

Asiyejua aanzie wapi asione aibu kupewa neno la siku. Kwetu Wamoravian ni desturi ya tangu 1728, kiongozi wetu Zinzendorf alipoanza kuwapa waumini wa kijiji cha Herrnhut kule Ujerumani neno moja la kuishi nalo kila siku. Tangu 1731 maneno hayo huchapishwa kitabu kila mwaka. Bibi yangu alikuwa anasomewa lake kabla ya kuwasha moto, na mchana ukimkuta shambani analirudia huku anapalilia.

*Ukavu.* Hii inatibu mawazo yanayotangatanga, na hapa nilijifunza jambo lililonisaidia kuliko yote. Mzigo wa Tunduma ukija akilini, siufukuzi tena. Nauweka mezani: "Bwana, huu hapa, wiki ya tatu nasubiri, na marejesho ya kikoba ni Jumamosi." Kisha narudi kwenye mstari. Kumbe kile nilichokuwa nakiona ni usumbufu kilikuwa ndicho nilichopaswa kumwambia.

*Mikono.* Udhaifu wake uko hapa, kwa sababu peke yako hakuna anayekusukuma. Kilichonisaidia ni daftari la shule la kurasa 48. Kila asubuhi naandika jina moja na tendo moja la kufanya kabla jua halijazama: kumpigia shemeji tuliyenuniana, kumlipa fundi cherehani niliyemzungusha wiki mbili. Usiku natumia dakika 10 kuitazama siku, namna aliyofundisha Ignatius wa Loyola katika karne ya 16: nashukuru, naipitia siku tangu asubuhi, naona nilipoteleza, naomba msamaha, naikabidhi kesho. Daftari liko pale pale. Jina lina alama ya vema au halina.

*Inapopotea.* Inaweza kugeuka starehe ya mtu mmoja. Na kwa kuwa hakuna wa kukusahihisha, unaweza kuisikia sauti yako mwenyewe ukaiita ya Mungu.

*Inamfaa* mwenye nyumba ya kelele na kazi ya watu wengi, mtu wa soko kama mimi, mwalimu, muuguzi. Haimfai sana aliye mpweke tayari.

Jumuiya ya mtaani

Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki na Kati, katika umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi wakaamua Kanisa lijengwe kuanzia kwenye jumuiya ndogo ndogo za majirani. Mwaka 1976 wakalitilia mkazo tena. Leo ukimuuliza Mkatoliki wa Tanzania anasali wapi, baada ya parokia atakutajia jumuiya yake na mtakatifu wake msimamizi. Walutheri nao wana jumuiya zao, na Wapentekoste wana vikundi vya nyumbani.

Zinazosali vizuri, kwa niliyoyaona, ni zile zinazofuata hatua saba za kushirikishana Injili, zilizotoka katika taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Mnamkaribisha Bwana. Mnasoma. Kila mmoja anachagua neno au kifungu kifupi na kukitamka kwa sauti ya sala, mara tatu. Mnakaa kimya. Mnashirikishana kilichowagusa, bila kuhubiriana. Mnazungumza Bwana anataka mfanye nini. Mnamaliza kwa sala za kila mmoja.

Nitakuonyesha Jumamosi moja. Saa 12 na robo asubuhi, baridi ya Mbeya ya mwezi Julai, tuko kumi na mmoja kwenye uwanja wa nyumba ya mama anayeuza nyanya. Viti vya plastiki havikutosha, wengine tulikaa kwenye kreti zilizogeuzwa. Injili ni ya Marko 2, yule aliyepooza aliyeteremshwa kupitia darini. Ilipofika hatua ya tatu, yule mama alitamka maneno mawili: "Watu wanne." Akanyamaza. "Watu wanne." Akarudia tena. Kwenye kushirikishana akasema, "Huyu mgonjwa hakuomba chochote. Yesu aliiona imani ya waliombeba." Tulipofika hatua ya sita hakungoja kuulizwa: "Babu wa pale kwenye kona hajafika kanisani tangu Pasaka, miguu haimpeleki. Hapa tupo kumi na mmoja. Wanne tunapata?"

Kesho yake babu alikuwa benchi la pili, kaletwa na bajaji ya kijana mmoja wa jumuiya, kashikwa mikono pande zote mbili. Tangu siku ile kuna zamu yake, imeandikwa kwenye daftari lile lile la michango.

*Muda na gharama.* Saa moja na nusu kwa wiki, na michango. Niseme wazi kuhusu michango: ipo, na kwa mwenye kipato kidogo inaumiza. Nimeona mtu akikwepa jumuiya mwezi mzima kwa aibu ya deni la shilingi elfu tano. Kama wewe ni kiongozi, tafadhali, majina ya wadaiwa yasisomwe mbele ya watu baada ya Injili.

*Ukavu.* Inatibu upweke, na inatibu ule ukavu wa kusikia Injili miaka ishirini bila kuiona ikigusa jina la mtu unayemjua. Siku ambayo huna neno, mwenzako anakusalia. Nilikaa wiki tatu bila kuweza kufungua kinywa, na hakuna aliyenilazimisha.

*Mikono.* Hapa jumuiya haina mshindani wa karibu, kwa sababu hatua ya sita imewekwa ndani ya sala yenyewe na wenye shida wanaishi umbali wa kutembea kwa miguu. Lakini ni kwa sharti kwamba hatua hiyo haikurukwa. Zipo jumuiya zinazokimbiza Injili kwa dakika kumi ili zifike kwenye matangazo. Hizo zimebaki na kikao.

*Inapopotea.* Mbali na hilo la michango, umbea. Neno ulilotoa kwa machozi Jumamosi linaweza kukutangulia sokoni Jumatatu. Pia kuna wanaohudhuria kwa ajili ya barua tu, kwa sababu bila kutambuliwa na jumuiya ni vigumu kubatiza mtoto au kufunga ndoa. Siwalaumu, wengine waliingia kwa barua wakabaki kwa upendo.

*Inamfaa* mgeni mtaani, mjane, mstaafu, kijana aliyepanga chumba mbali na kwao. Na inamfaa kila anayejijua kwamba peke yake hafiki siku ya nne.

Mfungo na mkesha

Watu huufikiria mkesha kuwa ni wa makanisa ya kiroho tu, na mfungo kuwa ni wa Kwaresima tu. Historia inasema vingine. Tarehe 27 Agosti 1727, kule Herrnhut, wanaume 24 na wanawake 24 waliahidi kushika zamu za sala za saa moja moja, mchana na usiku, ili maombi yasikatike. Mnyororo ule uliendelea zaidi ya miaka 100. Mwaka 1732 wawili kati ya watu wa Herrnhut, Leonhard Dober aliyekuwa mfinyanzi na David Nitschmann aliyekuwa seremala, waliondoka kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi kuwahubiria watumwa. Mwaka 1891 wamisionari wa kanisa lile lile walifika Rungwe. Mimi nimebatizwa kwa sababu ya zamu zile.

Kwa hiyo mkesha unaweza kuwa wa umati na vipaza sauti, Ijumaa kuanzia saa 3 usiku mpaka karibu na mapambazuko, na unaweza kuwa wa familia sita zinazogawana usiku, kila moja saa yake, kila moja nyumbani kwake. Nimefanya aina zote mbili. Ule wa umati ulinipa machozi niliyokuwa nimeyasahau. Ule wa zamu ulinipa kitu tulivu zaidi: kuamka saa 8 usiku nikijua kwamba shemeji yangu ndiyo kwanza amemaliza saa yake.

*Muda na gharama.* Usiku mmoja na siku ya kesho yake, maana utakuwa umechoka. Hesabu na nauli: baada ya saa 5 usiku bajaji si bei ya mchana, na mwanamke peke yake asitembee kwa miguu. Kuhusu mfungo, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo, na anayetumia dawa za kila siku azungumze na daktari kwanza. Asikubali mtu amwambie aache dawa kwa imani. Yupo anayefunga simu, anayefunga soda, anayefunga maneno makali, na Mungu anauona mfungo huo.

*Ukavu.* Inatibu mazoea. Mwili ukiwa na njaa, sala uliyoizoea inaanza kuwa na maana ya maneno yake: ukisema "utupe leo riziki yetu" saa 9 mchana hujala, unaisema kwa namna nyingine. Inamfaa pia mwenye uamuzi mzito mbele yake.

*Mikono.* Isaya 58 inauliza mfungo anaoutaka Mungu ni upi, na jibu ni kuwagawia wenye njaa chakula na kuwaleta nyumbani maskini waliotupwa nje. Kuna maandishi ya Kikristo ya karne ya 2 yanayomwelekeza anayefunga apige hesabu ya chakula ambacho angekula siku ile, ampe mjane, yatima au mwenye shida. Mimi nimeifanya hesabu hiyo kwa bei za hapa. Chakula changu cha mchana kwa mama ntilie ni shilingi 2,500. Ijumaa sita za Kwaresima kabla ya Ijumaa Kuu ni shilingi 15,000. Niliziweka kwenye kopo la maziwa, na kabla ya Pasaka zikawa unga, sukari na sabuni kwa nyumba moja. Bila kopo lile, ningekuwa nimeokoa pesa ya chakula na kununulia kitu changu kingine.

*Inapopotea.* Inapokuwa ya kupimana: nani amefunga siku ngapi, nani amelia zaidi. Inapoahidiwa kwamba sadaka kubwa inafungua mlango mkubwa. Na inapoishia kwenye geti la kanisa. Nilirudi kutoka mkesha Jumamosi moja nikamfokea binti wa kazi kwa sababu ya chai ya baridi, naye usiku ule alikuwa amelala na mtoto wangu mwenye kikohozi.

*Inamfaa* mwenye afya, aliyezoea mno, mwenye jambo zito la kuamua. Haimfai sana mwenye hamaki asiyepata pa kupumzika kesho yake.

Kuanzia wodini

Hii inakuja kinyume: huanzi na sala ili ufike kwenye tendo, unaanza na tendo, sala inakukuta njiani. Mapokeo ya Kikatoliki yanahesabu matendo saba ya huruma ya kimwili. Sita yanatoka katika Mathayo 25: kulisha, kunywesha, kukaribisha mgeni, kuvisha, kutazama wagonjwa, kutembelea wafungwa. La saba, kuzika wafu, linatokana na kitabu cha Tobiti katika Biblia ya Kikatoliki. Na mimi hufikiri hivi: kwenye hilo la saba sisi ni mabingwa. Msiba ukitokea, turubai, masufuria na kuni vinafika kabla ya saa mbili kupita. Kwa mgonjwa anayelala miezi minne ndiko tunakopotea, baada ya wiki ya pili.

*Muda na gharama.* Hospitali zetu nyingi zina saa za kutazama wagonjwa mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni. Chagua moja kwa wiki. Beba chupa ya uji, sabuni ya kipande, dawa ya meno. Usiingie na umati, usipige picha, na kabla hujampa mgonjwa chakula muulize muuguzi wa zamu kama anaruhusiwa kula. Ukitaka kumpata asiye na ndugu, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Wao ndio wanaowajua. Gerezani ni tofauti: huko nenda na kikundi cha kanisa kilicho na kibali tayari.

Alhamisi yangu ya kwanza nilikwenda na yule sista na kaka mmoja wa jumuiya. Tukamkuta mzee aliyevunjika mguu kwenye machimbo ya dhahabu Chunya, mwezi na zaidi kitandani, hana mtu. Nilikuwa nimeandaa mstari wa kumsomea. Akaniangalia, akapitisha kiganja kwenye kidevu: "Mwanangu, una wembe?" Sikuwa nao. Nikatoka nje ya geti, nikanunua wembe na sabuni, kaka akamwekea taulo shingoni, akamnyoa polepole, akimgeuza kichwa kama anavyogeuzwa mtoto. Ilichukua karibu nusu saa. Alipomaliza, mzee akajipapasa mashavu, akashusha pumzi. "Haya. Sasa tuombe." Na akaomba yeye, kwa ajili yetu, mpaka kwa ajili ya watoto wangu ambao hakuwajua majina.

Usiku huo nilishika rozari. Sikuhesabu kitenge hata kimoja.

*Ukavu.* Inamtibu aliyechoka na maneno yake mwenyewe. Huwezi kutangatanga sana mawazo unapomwombea mtu ambaye bado unaisikia harufu ya sabuni yake mikononi mwako.

*Mikono.* Tayari iko kazini, hapo sina la kuongeza.

*Inapopotea.* Sala inabaki nyuma. Unakuwa na shughuli nyingi, unajulikana, unapangiwa ratiba, na siku moja unagundua unawahudumia watu kwa uchungu. Masista wa Mama Teresa wa Calcutta, ambao wapo hata Tanzania, wana saa nzima ya kuabudu Ekaristi kila siku, pamoja na kazi zao zote. Watu waliozama katika huduma kiasi kile wameona hawawezi kuikosa saa hiyo. Mimi wa Alhamisi moja nisijidanganye.

*Inamfaa* mtu wa vitendo asiyependa kukaa chini, na kijana anayeona sala ni maneno matupu. Asiyestahimili kuona vidonda aanze na mzee wa mtaani anayehitaji kuchotewa maji.

Ukiziweka pamoja

Ya bei nafuu kabisa ni alfajiri, na ndiyo rahisi kuiacha kimya kimya bila mtu kujua. Jumuiya ni ngumu kuiacha, maana watakuja kukuulizia. Mkesha unaamsha haraka kuliko zote na unapoa haraka usipokuwa na kopo lake la maziwa. Wodi inagusa kwa undani zaidi na inachosha kwa undani huo huo. Alfajiri na wodi zinasaidiana vizuri: moja inaanza ndani, nyingine inaanza nje, zinakutana katikati. Jumuiya na mkesha wa zamu nazo zinaenda pamoja, kwa sababu majirani tayari mnajuana. Nisichokishauri ni kuzianza nne wiki moja. Nilifanya hivyo Kwaresima moja, nikaishia kulala siku mbili mfululizo.

Kwa hali yako

Una mtoto mchanga. Achana na alfajiri na mikesha. Usiku wako tayari una zamu. Chukua neno moja la siku, libandike karibu na mahali unaponyonyeshea, lirudie kila anaponyonya. Jumuiya nenda ukiweza, na mtoto akilia hakuna atakayekufukuza.

Unafanya kazi ya ulinzi au zamu za usiku. Alfajiri yako ni saa unayotoka lindoni. Dakika 20 kabla ya kulala zinatosha, na zile saa za katikati ya usiku ni mkesha ambao tayari unalipwa kuukesha: ombea nyumba moja moja unazozilinda.

Wewe ni mwanafunzi bwenini. UKWATA, TYCS na CASFETA, vyama vya wanafunzi Wakristo, wamekupa kundi tayari, kwa hiyo jumuiya unayo. Unachokikosa mara nyingi ni ukimya na tendo. Jitafutie nusu saa kabla ya kengele, na mwenzako mmoja dhaifu wa hesabu au aliyekosa nauli ya kwenda nyumbani.

Umehamia mtaa mpya, au umefiwa na mwenzi wako. Anza na jumuiya hata kama moyo hautaki, na mwambie mwenyekiti mapema kwamba bado huwezi kusali kwa sauti.

Wewe ni kiongozi: mzee wa kanisa, mwinjilisti, mama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), mwalimu wa kwaya. Umechoka, na unaogopa kusema umechoka. Usiongeze huduma. Omba kupumzishwa kwenye kamati moja, na muda huo uupe alfajiri, mlango ukiwa umefungwa.

Una ugomvi na ndugu. Mathayo 5 inakutaka uiache sadaka yako madhabahuni kwanza, ukapatane naye. Kwako njia yoyote utakayochagua, jina la kwanza kwenye daftari limeshajulikana.

Unauguza nyumbani. Mama mkwe ameanguka kiharusi, unamgeuza kila baada ya saa chache, unafua mashuka kila siku, na Jumapili ya mwisho uliyokwenda kanisani huikumbuki. Usitafute wodi nyingine, unayo. Mwambie mwenyekiti kwamba Jumamosi ijayo jumuiya isalie kwenu. Wakifika, kabla hawajafungua Injili, mwachie mmoja wao mgonjwa, ukaoge bila haraka, uvae kitenge kizuri, ndipo uje ukae kati yao.